Kiuno cha inchi 38

Fundi anayenishonea suruali hatupi daftari la vipimo. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alikuja kupanua suruali yake, fundi akafungua ukurasa wa zamani: inchi 33. Akamzungushia futi kamba upya, ikasoma 38. Kijana ana miaka 27. Nikamuuliza lini alipimwa presha mara ya mwisho. "Presha? Kaka, mimi si mzee."

Inchi 38 ni karibu sentimita 97. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huhesabu hatari kwa wanaume kuanzia sentimita 94, kiwango cha Wazungu ambacho Waafrika tumeazimwa kwa kukosa takwimu za kutosha za kwetu. Hata hivyo nakiamini kuliko mizani. Mnyanyua vyuma mwenye kilo 92 na urefu wa mita 1.75 akigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe anapata 30, anaitwa mnene kupindukia. Mwenzake wa urefu huohuo na kilo 65, mikono myembamba na kitambi mbele, anapata 21 na kupongezwa. Hesabu hiyo aliibuni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa takwimu na nyota, si daktari. Haioni mafuta yamekaa wapi. Na yale yanayozunguka ini na figo ndiyo huchochea mwili kubakiza chumvi na maji, mishipa ikakazana, presha ikapanda kimyakimya.

Mwanamke mjamzito hupimwa presha kila aendapo kliniki. Kijana wa kiume asiyeugua anaweza kumaliza miaka kumi hajafungwa kile kitambaa mkononi. Kwa hiyo mashine ya presha imfuate kijiweni, na futi kamba iende nayo.

Lakini presha ipimwe kwa adabu. Aketi kimya dakika tano, mkono uegemezwe usawa wa moyo. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono ulioshiba misuli, kitapandisha namba bure. Ikisoma 140 kwa 90, arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Na wembamba wasiachwe: chumvi, pombe na urithi haviangalii kiuno.

Kijana yule nilimwandikia ile 38 kwenye kipande cha karatasi, nikamsihi apitie duka la dawa lenye mashine. Akakikunja, akakisukuma nyuma ya leseni yake.