Risasi ni risasi, wasee

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki na risasi ile madini. Nilidhani ni uvivu wa lugha. Siku hizi naona ni onyo.

Kuna wazee Marekani hujitengenezea risasi za .30-30, aina iliyotoka 1895, za zile bunduki za makauboi unazokoki kwa kusukuma chuma chini ya triga. Wanayeyusha risasi na bati na antimoni kidogo, wanamwaga kwa kalibu, kisha wanajaza baruti kwa maganda yaliyotumika, wakipima kwa mizani. Ncha huwa bapa, juu ndani ya bunduki zinakaa foleni kwa bomba, na ncha kali inaweza kugonga kiwashio cha ile ya mbele ikalipuka.

Mimi nilichukua video ya mzee mmoja nikaikata. Nikabakisha madini yakimeremeta yakimwagika. Nikatupa pale anapovaa glavu na miwani, anapokaa nje penye upepo, anapoeleza kwamba tone moja la maji likiingia kwa sufuria madini yanarukia uso, na anaponawa mikono kabla ya kula. Si ilikuwa inaboo?

Klipu ikashika moto. Halafu kijana wa Mombasa akaniuliza inboksi: anaweza kuyeyusha betri ya gari kwa jiko la mamake atengeneze chubwi za kuvulia samaki?

Manze, Mombasa! Hapo hapo Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia watu sumu, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, baada ya kina Phyllis Omido kupigana miaka. Risasi ikiingia kwa damu ya mtoto inaharibu ubongo, na haurudi.

Nilimjibu: usijaribu, betri ina asidi pia. Kisha nikafuta klipu.

Utasema mimi si mwalimu. Ni kweli, hata chuo niliacha. Lakini yule kijana hakuuliza lecturer, aliniuliza mimi. Kwa hivyo wasee wa content, tukikata, tukate intro zetu ndefu. Ile sehemu ya glavu iacheni. Yule mzee amezeeka akiwa na macho yote mawili juu ya hiyo sehemu inayoboo.