Mgeni njoo, mwenyeji apone: na nyumba zetu je?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia zaidi katika mambo ya chakula, kwani mgeni akifika kuku huchinjwa na watoto wa nyumbani nao wakapata mnofu. Leo nataka kuitumia katika mambo ya nyumba. Wageni wanaokuja Pwani kila mwaka kuikimbia baridi ya Ulaya wana somo la kutuponya, lau tungalitazama kile wanachokitazama wao.

Mgeni huyo afikapo Lamu, Malindi au Diani havutiwi na ghorofa za saruji, kwani hizo anazo tele kwao. Kinachomvuta ni baraza iliyopakwa chokaa, mkeka uliotandikwa chini, paa la makuti na upepo wa bahari unaopita bila ya kulipiwa. Akirejea kwao hubeba kikoi akakifanya kitambaa cha meza, na mkoba wa ukindu akautundika ukutani. Majira ya joto yakifika huko Uingereza au Italia, hutoa viti bustanini, hutandika mito chini ya mti, huwasha taa ya kandili na kuwaalika rafiki zake, akajiona kana kwamba bado yumo safarini. Wako hata mafundi wa mapambo wanaolipwa fedha nyingi kwa kuwafundisha watu jinsi ya kuipa nyumba utulivu wa namna hiyo.

Mimi sina ugomvi na mgeni huyo. Kizuri huigwa. Ugomvi wangu ni na sisi wenyeji, kwani wakati mgeni anaiingiza Pwani nyumbani kwake, sisi tunaitoa Pwani nyumbani kwetu.

Hekima ya kiwanda

Mwaka 1975 msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake juu ya mji wa Lamu, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huo wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mambo yaliyomo katika nyumba zile wazee wetu waliyajua kabla ya wataalamu kuja na kamba zao za kupimia.

Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, hata jua likipiga mchana kutwa joto hukawia kuingia. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko, ambao haufiki mita tatu. Ukiingia hupita daka, mahali ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake. Kisha ni tekani, na hapo huna budi kukata kona, ili mpita njia asione ya ndani hata mlango ukiwa wazi. Ndipo utokeapo kiwanda, uwanja usioezekwa, ambao kwa hakika ndio pafu la nyumba. Hewa ya moto hupanda ikatokea hapo, na vyumba navyo vikapata pumzi. Kutoka kiwandani waingia msana, kisha ndani, na kila hatua inakupeleka mahali penye faragha zaidi.

Bustani nayo ilikuwa humo humo. Hapakuwa na nafasi ya majani ya kufyeka kwa mashine. Palikuwa na asumini, mrehani na mwaridi, labda na mkomamanga mmoja. Jioni bibi huchuma maua na majani yake akafunga kikuba, na nyumba nzima ikanukia. Penye birika la maji waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Haya ni maarifa, ndugu zangu, si mapambo.

Na kwetu sisi Waislamu jambo hili lina uzito zaidi. Suratun-Nur inatufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na Suratun-Nahl inatukumbusha kuwa nyumba ni neema ya Mwenyezi Mungu, mahali pa kutulia. Kiwanda kiliyachunga yote mawili. Mwanamke aliweza kupigwa na upepo, kuanika nguo, kusuka ukili na kucheza na wanawe, asifikiwe na jicho la mgeni. Sitara na hewa safi havikuwa vitu vya kuchagua kimojawapo.

Safari zilizoingia nyumbani

Kuna wasemao kwamba kupamba nyumba kwa vitu vya safari ni mtindo wa kizungu. Hao hawajafika Gedi. James Kirkman alipoanza kuyachimbua magofu yale mwaka 1948, vilitokea vitu kutoka mbali hata nyumba zikapewa majina kwa vilivyookotwa ndani yake: iko ya bakuli la kauri, iko ya fedha za Kichina na iko ya ushanga wa Venice. Watu wa Pwani walikuwa wakisafirisha na kusafirishiwa tangu kale. Jahazi zilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, zikishusha mazulia, masanduku, birika za shaba na sahani za Uchina. Sahani hizo zilipangwa katika zidaka, zile tundu zilizochongwa ukutani, na chumba chembamba kikaonekana kina kina.

Na sisi tulipeleka vyetu. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka pwani hii, biashara iliyodumu hata mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje. Mtoto wa Kuwait alilala chini ya mti wa Lamu na asijue!

Angalia lakini jinsi wazee walivyokipokea kitu kigeni. Bakuli la Uchina lilitafutiwa kidaka, na zulia la Ajemi likatandikwa mahali pa kuketi. Kitu kilikuja kuitumikia nyumba. Siku hizi nyumba ndiyo inayokitumikia kitu. Nimeingia vyumba vya wageni, Mombasa hii hii, ambamo makochi ya mahameli yaliyotoka Dubai yamejaa ukuta kwa ukuta, yamefunikwa nailoni yasipate vumbi, na madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito. Mgeni hutokwa na jasho, mwenyeji hutokwa na jasho, na feni juu inazungusha joto lile lile. Pembeni pana maua ya plastiki, na ilhali nje asumini ingeota kwa kumwagiwa maji ya kutilia udhu tu.

Si makochi peke yake. Hata ile nyumba ya kawaida ya Majengo, yenye ujia katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na ua nyuma. Leo ua umejengwa vyumba vya kupangisha, na ghorofa mpya hazina ua kabisa. Kuta ni nyembamba za matofali ya saruji, juu ni bati, na dirisha la huyu latazama dirisha la yule. Mama wa nyumba hiyo atachagua lipi? Akifungua apate upepo, atavua sitara. Akifunga ajisitiri, atakosa pumzi. Huo ndio msiba wenyewe, wala hauhusiani na urembo.

Mkono wa fukara

Najua nitajibiwa kwamba nyumba ya mawe ni mali ya tajiri, na kwamba mpangaji wa chumba kimoja Kisauni au Likoni hana kiwanda cha kuota. Ni kweli, na sisemi kila mtu ajenge kama walivyojenga masharifu wa Lamu. Nasema tuchukue maana. Paka chokaa nyeupe ukutani na juu ya bati, jua lirudishwe lilikotoka. Toa kochi moja, tandika mkeka na mito, chumba kitapanuka bila kuvunja ukuta. Badili pazia la mahameli kwa kitambaa chepesi cha pamba, upepo upite na jicho lisipite. Panda asumini katika debe kuukuu na mrehani katika sufuria iliyotoboka. Penye kipenu nyuma, kisitiri kwa makuti ya kusuka, uweke kitanda cha kamba. Hapo umekwisha pata kiwanda.

Na wewe uliyejaaliwa kiwanja, tafadhali usikijenge chote. Acha uwanja katikati au nyuma, upande mti wa kivuli, na madirisha yatazamane na kaskazi na kusi. Pepo hizi mbili zilivileta vyombo vya babu zetu, na hazijaacha kuvuma. Kodi ya chumba utakachokikosa utairejesha kwa stima usiyoiunguza na kwa afya ya watoto.

Liko na jambo la mwisho, na hili ni zito. Huko Shela nyumba nyingi za kale zimekwisha ingia mikononi mwa wageni. Wanazitengeneza vizuri, kwa mafundi wetu wenyewe, na siwalaumu. Aliyeuza alikuwa na shida zake, na shida haina adabu. Lakini fedha ya kuuza kiwanda hununua chumba kisicho na kiwanda, na baada ya miaka michache mjukuu wa mwenye nyumba huingia pale kwa mlango wa kazi, abebe sinia la wageni wanaostarehe katika msana wa bibi yake. Kwa hiyo nawasihi watu wa ukoo mmoja, kabla ya kutia sahihi, waulizane kama haiwezekani kukodisha kwa muda badala ya kuuza, au kuitia wakfu nyumba ya wazee ibaki kwa vizazi vyao, kama walivyofanya waliotutangulia.

Wageni tuwakaribishe, kama ilivyo ada yetu. Na wakiisifu baraza yetu, tusicheke tu na kushukuru. Tuinuke tukaitengeneze, kisha tuikalie sisi kwanza. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.