SHERIA NA FAMILIA: Neno lisilosemwa mbele ya jaji

Mwezi huu ukurasa wetu unajibu swali ambalo watu huulizana sana: mtu akishahukumiwa kwa kumuua mume au mke wake, je, yamekwisha? Rufaa inaweza kumsaidia nini?

Tumechagua kesi moja ya kweli, ya huko Uingereza. Tumeichagua kwa sababu mama huyo alikuwa mgeni katika nchi ya watu, kama sisi tulivyo, na yaliyompata mahakamani yanaweza kumpata mgeni yeyote.

Anaitwa Kiranjit Ahluwalia, mzaliwa wa India. Aliolewa mwaka 1979, akaenda kuishi na mumewe Uingereza, wakapata watoto wawili wa kiume. Kwa miaka kumi alipigwa na kutishwa. Mara mbili alikwenda mahakamani akapewa amri ya kumzuia mume asimguse, lakini kipigo hakikuisha. Ndugu walimwambia avumilie, kwa ajili ya heshima ya familia. Maneno hayo tunayajua hata sisi, siyo?

Usiku mmoja wa Mei 1989, mume alimtisha kwa pasi ya moto. Baadaye, mume akiwa amelala, mama huyo alimmwagia petroli na kuwasha moto. Baada ya siku chache mume akafariki hospitalini. Desemba 1989 mama alitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akafungwa maisha.

Hatuandiki haya kusifia alichofanya. Mtu alikufa kifo kibaya, na watoto wawili wakabaki bila baba huku mama yuko gerezani. Tunaandika ili tuone kilichotokea mahakamani.

Katika kesi ile ya kwanza, mama hakupanda kizimbani kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kulikuwa na ripoti ya daktari, iliyoandikwa kabla ya kesi, ikionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa mzito wa huzuni. Ripoti ile haikufuatiliwa, na mama mwenyewe hakuulizwa kama anataka ifuatiliwe. Basi raia 12 ambao kwa sheria ya kule ndio wanaoamua, wakaamua bila kujua hali ya akili yake.

Akiwa gerezani, kikundi cha wanawake cha London kiitwacho Southall Black Sisters kilimsaidia kupata mawakili wapya. Rufaa ikasikilizwa na kuamuliwa Julai 1992. Mawakili walileta hoja tatu.

Ya kwanza: kwamba alichokozwa, na jaji aliwaeleza vibaya raia wale maana ya kuchokozwa. Majaji wa rufaa wakakataa. Wakasema sheria yao inataka mtu apandwe na hasira ya ghafla. Ila waliongeza kwamba kupita kwa muda peke yake hakufuti utetezi huo.

Ya pili: kwamba mwanamke aliyepigwa miaka mingi apimwe kama mtu wa hali hiyo. Nayo ikakataliwa, maana ushahidi wa jambo hilo haukuwekwa mbele ya mahakama ya kwanza.

Ya tatu: ugonjwa wa akili ulipunguza uwezo wake wa kujibeba lawama yote. Hapo wakaleta ushahidi mpya wa madaktari, na ile ripoti ya zamani. Hoja hii ikakubaliwa. Hukumu ikafutwa.

Sasa angalieni vizuri. Kufutwa kwa hukumu hakukuwa kuachiwa huru. Majaji waliamuru kesi ianze upya. Septemba 1992 alikiri kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia, na upande wa mashtaka ukakubali. Akapewa kifungo cha miaka 3 na miezi 4, muda uleule aliokuwa ameshakaa ndani. Akarudi kwa watoto wake. Baadaye sheria yenyewe ya Uingereza ilibadilishwa: tangu Oktoba 2010 haidai tena kwamba mtu apandwe na hasira ya ghafla.

Tunajifunza nini?

Kwanza, rufaa si kesi kusimuliwa tena kutoka mwanzo. Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Majaji wanasoma kilichoandikwa katika kesi ya kwanza na kuangalia kama kuna kosa. Usilosema kule mwanzo halimo kwenye karatasi zao. Kulileta baadaye kama ushahidi mpya inawezekana, lakini mlango ni mwembamba.

Pili, mwambie wakili wako mambo yote. Hata ya aibu. Kupigwa, kuumwa, kukosa usingizi, mambo ya vita uliyoyaona kabla ya kukimbia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama huelewi lugha ya mahakama, omba mkalimani, na usiitikie "ndiyo" kwa jambo ambalo hukulielewa. Karatasi za hospitali na za polisi zitunzeni, msiwashie moto jikoni.

Tatu, muda ni mfupi. Hapa Tanzania kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na rufaa huenda Mahakama ya Rufani. Taarifa ya kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 baada ya hukumu. Aliyeko gerezani anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Asiye na pesa ya wakili katika kesi ya mauaji hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Ndugu walioko nje, ulizeni mapema, msingoje.

Na la mwisho ndilo kubwa. Miaka kumi ilipita kabla ya moto ule. Katika miaka hiyo kulikuwa na ndugu waliosikia, nao wakasema vumilia. Jirani, ukisikia kelele za kila usiku katika nyumba ya pili, usiseme ni mambo ya mume na mke. Mpelekeni anayepigwa, mwanamke au mwanaume, kwa viongozi wa mtaa, kwa wahudumu wa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Rufaa nzuri kuliko zote inaweza kumtoa mtu gerezani. Aliyekufa haimrudishi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.