Kuku Hupona Uziwi, Mbona Mama Haponi?

Juma hili najibu swali la mmoja wenu. Aniambia ya kuwa mama yake mzazi hasikii tena. Zamani alikuwa wa kwanza kusikia mvua ikija kutoka mlimani. Sasa hata mahubiri ya Padre hayamfikii. Amechoka kuuliza kila neno mara tatu, basi hukaa kimya jikoni. Mtu mmoja mnadani amewaambia kwamba Wamarekani wamevumbua dawa ya kuotesha sikio upya, naye anayo katika chupa. Bei yake ni ng'ombe mmoja. Je, amwuze?

Nitajibu, lakini kwanza mtazame kuku wako uani. Kuku akiharibiwa masikio kwa kelele kubwa, hukaa majuma machache, kisha husikia tena. Wewe na mimi tukiharibiwa hivyo hatuponi. Kwa nini?

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya kiwambo na vifupa vitatu vidogo, mna kijumba cha mfupa kilichojisokota kama kombe la konokono, nacho kimejaa maji. Humo zimepangwa seli zenye vinywele juu yake, ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinywele huinama, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Mtoto huzaliwa na seli hizo kama 15,000 katika kila sikio. Usidhani ni nyingi. Kikombe kimoja cha ulezi kina punje zaidi ya hizo. Nazo ndizo za maisha yote, kwa maana ikifa moja haioti nyingine.

Huuawa na uzee, na kelele za bunduki, mashine na vipaza sauti, na homa ya uti wa mgongo. Tena ziko dawa ziponyazo na kuharibu pamoja. Streptomisini, iliyovumbuliwa mwaka 1943, imeokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, lakini wengine walitoka hospitali wamepona mapafu, masikio yamekufa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Sisi watoto tulidhani ana kiburi, maana tulimwita asigeuke. Nakumbuka nilimnunia siku nzima. Ndugu yake streptomisini, dawa iitwayo kanamisini, iliharibu masikio ya wengi vilevile, na tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani haliipendekezi tena kwa kifua kikuu sugu. Vidonge vimeshika nafasi yake.

Turudi kwa kuku. Mwaka 1988 mabingwa wa Marekani, Corwin na Cotanche kwa upande mmoja, Ryals na Rubel kwa upande mwingine, walitangaza jambo la ajabu. Waliwapigia ndege kelele kali mpaka seli zao za kusikia zikafa. Corwin na mwenzake walitumia vifaranga vya kuku, wale wengine kware. Baadaye walipotazama tena, wakakuta seli mpya. Zilitoka wapi? Kando ya kila seli ya kusikia zimesimama seli nyingine za kuitegemeza, kama nguzo za ukuta. Kwa ndege, seli ya kusikia ikifa, jirani yake hugawanyika na kutoa seli changa ya kushika mahali pake. Kwetu sisi hao majirani wapo, lakini hukaa tu.

Kumbe hata panya aliyezaliwa leo anao uwezo huo kidogo. Siku chache zikipita mlango hufungwa, kabla hata hajaanza kusikia, kwa maana panya huzaliwa kiziwi, akaanza kusikia siku ya 12 hivi. Kazi ya mabingwa basi ni kutafuta ufunguo wa mlango ule. Mwaka 1999 ilijulikana kwamba jeni moja, Atoh1, ndiyo iamuruyo seli kuwa ya kusikia. Mwaka 2005 watu wa Chuo Kikuu cha Michigan waliitia jeni hiyo katika masikio ya simbilisi walioziwishwa, na baadhi yao wakaanza kusikia kidogo. Dunia ilifurahi, labda mapema mno. Seli mpya mara nyingi huota nusunusu: vinywele havikupangika sawa, au haikushikana na mshipa wa fahamu, na isiposhikana haimfikishii mtu neno lo lote.

Dawa ya Kimarekani ambayo yule mtu wa mnadani huenda alisikia habari zake ilikuwako kweli. Ilikuwa ya kampuni ya Frequency Therapeutics, ikaitwa FX-322, nayo haikuwa ya matone, bali daktari alipenyeza sindano katika kiwambo. Katika jaribio la kwanza wagonjwa wachache walionekana kutambua maneno vizuri zaidi. Wakajaribu tena kwa watu wengi, wengine wakipewa dawa, wengine kitu kisicho na dawa pasipo kujua. Februari 2023 kampuni ikatangaza kwamba hapakuwa na tofauti, ikaiacha kazi hiyo.

Pengine umesikia pia habari za watoto wa China waliozaliwa viziwi, watano kati ya sita wakaanza kusikia, kama ilivyotangazwa Januari 2024. Ni kweli. Lakini seli zao zilikuwa hai. Zilikosa jeni moja tu, wakatiwa. Za mama yako, kama zimekufa, hazina wa kuzitilia.

Basi, ndugu yangu, usimwuze ng'ombe. Chupa ile haina kitu cha namna hiyo. Mpeleke mama zahanati kwanza, atazamwe kama ni nta imeziba au usaha, maana hayo yana dawa. Msimmwagie mafuta sikioni. Ikionekana ni seli zilizokufa, ulizeni habari za mashine ndogo ya kusikilizia inayovaliwa sikioni. Na jioni ukisema naye, usimpigie kelele. Keti mbele yake penye mwanga, karibu na taa, auone mdomo wako, useme polepole.