Dawa Mbili kwa Fangasi Mmoja: Kipimo cha Maabara na Mipaka Yake

Fangasi wa jamii ya hamira, kama kandida na kriptokoka, wana dawa chache mno. Usugu unapozidi, matabibu huunganisha dawa mbili, na maabara huulizwa: zikiwa pamoja, zinasaidiana, zinapingana, au kila moja inafanya kazi yake tu?

Kipimo kilichozoeleka hutumia kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, safu 8 kwa 12, vilivyopangwa mithili ya ubao wa drafti. Dawa ya kwanza huzimuliwa kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo kuelekea upande mmoja, ya pili kuelekea upande mwingine, kisha fangasi hutiwa. Baadaye huangaliwa ni vishimo vipi ambavyo fangasi hawakuota.

Tuseme dawa ya kwanza peke yake huzuia fangasi kwa miligramu 8 kwa lita, lakini ikiunganishwa hutosha 2: imeshuka hadi robo. Ya pili ikishuka kutoka 16 hadi 4, ni robo nyingine, jumla 0.5. Kwa kawaida, jumla isiyozidi 0.5 huhesabiwa kuwa ushirikiano, na inayozidi 4 kuwa upinzani. Mipaka hiyo imetenganishwa kwa makusudi. Majibu ya kipimo hiki huweza kutofautiana kwa kishimo kimoja hata kazi ikifanywa vizuri, na kishimo kimoja ni tofauti ya mara mbili. Kwa hiyo 0.75 haistahili kutangazwa kuwa ushirikiano.

Hata jibu safi halimalizi hoja. Amfoterisini B hunasa ergosteroli kwenye utando wa fangasi, ilhali flukonazoli huzuia ergosteroli isitengenezwe. Ndiyo maana ilihofiwa kuwa zitapingana. Hata hivyo, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa wanaoishi na VVU, dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu pamoja na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Msingi wake ulikuwa utafiti wa wagonjwa wa Botswana, Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, ambapo vifo havikuzidi vya matibabu ya awali na madhara yalipungua.

Maabara huchuja dawa za kujaribiwa. Uamuzi hutokana na matokeo ya wagonjwa. Watafiti warudie vipimo vyao na wachapishe namba zote, si neno “ushirikiano” pekee. Makala za vipimo vya aina hii zisomwe kwa mizani hiyo.