Tusiliache Gego Nusu ya Njia



Ndugu Waislamu, mji wetu wa Tabora ulikua kwa biashara ya meno. Zile tuziitazo pembe, walizozibeba mabegani wapagazi wa Kinyamwezi hadi Bagamoyo katika karne ya 19, kwa hakika ni meno ya tembo. Mpagazi aliyeutua mzigo nusu ya njia hakuhesabiwa kuwa amefika. Leo baadhi yetu tunayafanyia hivyo meno yetu wenyewe.

Mtu huumwa gego usiku kucha, asubuhi akaenda kwa daktari. Daktari hulitoboa, huondoa kiini kilichooza, husafisha mizizi na kuiziba. Maumivu yakiisha, mgonjwa hashughuliki tena. Akiambiwa jino livikwe kofia ngumu, hudhani ni pambo la matajiri. Siku moja anatafuna mfupa au mahindi ya kuchoma, gego linapasuka hadi mzizini, wala hapana dawa tena ila kung'oa. Fedha imepotea, na jino limekwenda.

Sababu i wazi. Gego ndilo libebalo uzito wa kutafuna. Likishaliwa na uozo, kisha likatobolewa, hubakiwa na kuta nyembamba ambazo kila tonge huzisukuma zitengane. Kofia huzikumbatia kuta hizo zikawa kitu kimoja. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa meno yaliyotibiwa mizizi yasivikwe kofia yalipotea kwa kiwango cha mara 6 kuliko yaliyovikwa.

Wako waulizao: je, huku si kubadili maumbile? La, hii ni tiba. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Arfaja bin As'ad (R.A.) alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akatia pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Wanazuoni wakalikisia jino kwa pua. Na leo mwanamume hana haja hata ya dhahabu, kwani ziko kofia za kauri na za zirkonia. Wala asihofie udhu na josho: katika madhehebu ya Imamu Shafi, kusukutua ni sunna.

Hatukatai kuwa gharama ni nzito. Kwa hiyo, kabla jino halijatobolewa, baba na mama waulize bei ya tiba nzima, pamoja na kofia, wajiwekee akiba. Asiyeweza amweleze daktari mapema, ili washauriane njia nyingine wakati jino lingali zima. Mwili ni amana, na amana hailindwi nusu.