Shule ya pamoja au shule ya peke yake?

Mtoto mwenye ulemavu anapotimiza umri wa kuanza masomo, wazazi wake hufikwa na swali zito. Je, aandikishwe katika shule ya jirani, akae na watoto wa mtaani kwake, au apelekwe shule maalumu, hata kama ni ya bweni na iko mikoa miwili mbali na nyumbani? Njia ya kwanza wataalamu huiita elimu jumuishi, na ya pili elimu maalumu. Katika safu ya leo tunawaalika wasomaji wetu watazame namna mataifa mengine yalivyolijibu swali hili, kwani majibu yao yana mazingatio kwetu.

Tuanze na mwaka 1977. Mwaka huo Italia ilipitisha sheria namba 517, iliyofuta madarasa ya kuwatenga watoto wenye ulemavu katika shule za msingi na za kati. Lakini sheria hiyo haikuishia kuamuru watoto wachanganywe. Ilielekeza kuwa darasa lenye mtoto wa aina hiyo lisizidi wanafunzi 20, na kwamba awepo mwalimu wa ziada aliyesomea kazi hiyo. Kwa utaratibu wa Italia, mwalimu huyo si mlinzi wa mtoto mmoja aliyekaa pembeni, bali ni mwalimu wa darasa zima pamoja na mwenzake.

Mwaka huohuo wa 1977, katika jiji la Managua nchini Nikaragua, lilitokea jambo lililo kinyume. Kilifunguliwa kituo cha elimu maalumu, na watoto viziwi wapatao 50 wakakusanywa mahali pamoja. Kabla ya hapo wengi wao waliishi majumbani, kila mmoja na ishara chache alizoelewana na jamaa zake tu. Walimu walijaribu kuwafundisha kusoma midomo na kutamka Kihispania, wala hawakufanikiwa sana. Ila uwanjani na ndani ya mabasi watoto wenyewe walianza kuunganisha ishara zao. Waliokuja baadaye, tena wakiwa wadogo zaidi, walizipokea na kuzipa kanuni. Katika miaka michache ikazaliwa lugha kamili ya alama, ambayo wataalamu wa lugha wanaichunguza hadi leo. Lau kila mtoto angewekwa peke yake katika darasa la wanaosikia, lugha ile isingezaliwa.

Basi nchi moja ilifunga mlango wa kuwatenga watoto, nyingine ikaufungua, na kote watoto walipata kheri. Siri iko wapi? Italia ilimpeleka mtoto darasani pamoja na mwalimu wake. Nikaragua iliwapa watoto kitu ambacho hata mwalimu hakuwa nacho, nacho ni wenzao wa kuzungumza nao. Kwa hiyo swali la kwanza si "pamoja au peke yake", bali ni "mtoto huyu, kwa ulemavu alio nao, atapata nini akifika pale?"

Marekani inatufundisha jambo la tatu. Sheria yao ya mwaka 1975 ilikuja baada ya Bunge kubaini kuwa watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa nje kabisa ya shule za umma. Tangu hapo, kila mtoto anayestahiki huandikiwa mpango wake mwenyewe, unaoeleza malengo ya mwaka na msaada atakaopewa. Mzazi hukaa mezani pamoja na walimu unapoandikwa, na asiporidhika anaweza kudai shauri lisikilizwe. Si kwamba huko mambo yote yamenyooka, kwani serikali kuu iliahidi kubeba hadi asilimia 40 ya gharama za ziada, na ahadi hiyo haijapata kutimizwa. Hata hivyo karatasi ile humpa mzazi jambo la kushika mkononi.

Nasi hapa Tanzania tuna njia zote mbili. Shule ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma ipo tangu mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora tangu 1963. Vilevile zipo shule za kawaida zenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu. Tunachokihofia ni mtoto kuandikishwa katika darasa lililofurika, asipate nukta nundu wala mtu ajuaye lugha ya alama, kisha ikasemwa kuwa anasoma. Kuandikishwa si kusoma.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuamua, uliza. Mwanangu atawasiliana na nani hapo shuleni, mwalimu na wenzake? Ni nani atakayemfundisha, na amesomea nini? Mwisho wa muhula mtanionesha amejifunza lipi? Omba jibu la swali hili la mwisho kwa maandishi. Ikiwa ni bweni, uliza nani humwangalia usiku, na panga mapema siku za kumtembelea. Ikiwa mtoto ni kiziwi, baba, mama na ndugu zake wajifunze lugha ya alama, la sivyo likizo yake nyumbani itakuwa kifungo cha ukimya.

Maswali hayohayo tuyapeleke madrasa. Sote tunakijua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, kipofu aliyekuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kufunzwa, na Surat Abasa ikateremka kwa ajili yake. Baadaye alikuwa muadhini, na akaachiwa Madina aisimamie Mtume alipokuwa safarini. Je, katika madrasa ya mtaa wetu mtoto kiziwi anakaa wapi, na anafundishwa kwa njia gani? Jambo hili halihitaji bajeti ya serikali. Ustadhi mmoja akijifunza lugha ya alama, watoto kadhaa watapata mwalimu.

Wabillahi tawfiq.